Siku ya Kutoa Hesabu

Wanafunzi wapenzi, mnajua jinsi darasa linavyokuwa mtihani unapokaribia. Wengine husoma mpaka usiku kwa mwanga wa taa. Wengine hucheza mpira mpaka siku ya mwisho, kisha hutetemeka. Na kila mmoja hujiuliza moyoni: mwalimu atauliza nini?

Sasa fikirini jambo hili. Mwalimu anaingia darasani mwezi mmoja kabla ya mtihani. Anashika chaki, anaandika maswali yote ubaoni, wala hafichi hata moja. Anasema: "Haya ndiyo nitakayowauliza. Yaandikeni, mkajitayarishe." Je, nani atashindwa mtihani huo? Mwenye akili ndogo? Hapana, hata yeye ataweza. Atashindwa yule tu asiyemsadiki mwalimu wake, au yule anayesema kila siku: "Nitaanza kesho."

Basi mtihani wa namna hiyo upo kweli. Ni hukumu ya Mungu. Mwamuzi ni Bwana wetu Yezu Kristu, naye amekwisha kutupa maswali. Katika somo hili tutaona hukumu hiyo ni nini, tutaulizwa nini, na namna ya kujitayarisha tangu leo.

1. Mambo manne ya mwisho

Tangu zamani Kanisa huwafundisha wakristu kukumbuka mambo manne ya mwisho. Ndiyo haya: kifo, hukumu, mbingu, na moto wa milele.

Kifo ni mwisho wa safari yetu hapa duniani. Roho huachana na mwili. Mwili hurudi udongoni, lakini roho haifi. Kila mwaka, Jumatano ya Majivu, padri hutupaka majivu kwenye paji la uso. Tajiri hupakwa, maskini hupakwa, mzee na mtoto vilevile. Majivu hayo hayana cheo. Yanamwambia kila mmoja kwamba siku zake zimehesabiwa.

Pengine mtauliza: kwa nini Mungu hakutuambia siku ya kufa kwetu? Tazameni. Mlinzi akiambiwa kwamba mwizi atakuja saa tisa ya usiku, atalala mpaka saa nane na nusu. Lakini asipojua saa, atakesha usiku kucha. Mungu ametuficha siku ile ili tuwe macho siku zote. Hakuifanya hivyo kwa kututega, bali kwa kutupenda. Anataka kila siku yetu iwe njema, si siku ya mwisho tu.

2. Hukumu mbili

Kanisa hufundisha kwamba kuna hukumu mbili.

Ya kwanza ni hukumu ya kila mtu peke yake. Mara tu anapokufa, mtu husimama mbele ya Kristu, na maisha yake yote huonekana wazi. Hapo hakuna wakili wala shahidi wa uwongo. Mwaka 1336 Papa Benedikto wa 12 aliyaeleza mafundisho haya kwa barua ya mamlaka. Alifundisha kwamba roho hazingoji mwisho wa dunia ili kupewa stahili yao. Zilizo safi huenda mara moja kumwona Mungu. Zinazohitaji kutakaswa hutakaswa kwanza. Waliokufa katika dhambi kubwa bila kutubu hujitenga na Mungu milele.

Ya pili ni hukumu ya watu wote pamoja, mwisho wa dunia. Kila Jumapili, tunaposema Nasadiki katika Misa, tunaungama kwamba Bwana Yezu atakuja tena kuwahukumu watu wote, walio hai na waliokufa. Siku hiyo miili itafufuka, na mataifa yote yatakusanyika mbele yake.

Mtasema: mtu akiisha kuhukumiwa mara moja, hukumu ya pili ni ya nini? Sikilizeni. Matendo ya mtu hayafi pamoja naye. Mtu mmoja alimsingizia jirani yake uchawi, kisha akafa. Lakini uwongo wake uliendelea kutembea kijijini, na watoto wa yule jirani wakachekwa miaka mingi. Mtu mwingine alipanda miembe kando ya njia, naye akafa. Leo wasafiri asiowajua wanakaa kivulini mwake na kula matunda yake. Basi mwisho wa dunia ndipo matendo yote yatakapoonekana mpaka mwisho wake, mema na mabaya. Siku hiyo aliyesingiziwa atapata heshima yake mbele ya watu wote, na maskini aliyenyang'anywa shamba atapata haki yake. Siku hiyo ni ya kutisha kwa mdhalimu, lakini kwa mnyonge ni siku ya furaha.

3. Maswali tuliyopewa

Fungueni Injili ya Mathayo, sura ya 25. Bwana Yezu anatueleza jinsi hukumu itakavyokuwa. Anasema atawatenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi jioni. Wa mkono wa kuume atawakaribisha katika ufalme, na wa mkono wa kushoto atawafukuza. Na sababu yake? Anaitaja waziwazi. Alikuwa na njaa, je, walimpa chakula? Alikuwa na kiu, je, walimpa maji? Alikuwa mgeni, je, walimkaribisha? Alikuwa hana nguo, je, walimvika? Alikuwa mgonjwa, alikuwa gerezani, je, walikwenda kumtazama?

Haya ni matendo sita. Kanisa limeongeza la saba, yaani kuwazika wafu, kwa kufuata mfano wa mzee Tobiti katika Agano la Kale, ambaye aliwazika ndugu zake ijapokuwa mfalme alikataza. Hivyo twapata matendo saba ya huruma kwa mwili. Yashikeni kwa moyo.

Sasa angalieni mambo matatu katika Injili hiyo.

Jambo la kwanza. Mwamuzi hakuuliza juu ya kabila. Hakuuliza juu ya mali, wala nyumba ya mabati, wala cheti cha shule. Vitu hivi si vibaya, lakini hatavipima vyenyewe. Atapima namna tulivyovitumia.

Jambo la pili. Watu wa pande zote mbili walishangaa. Wote waliuliza: lini tulikuona, Bwana? Wema hawakujua kwamba walimpa Yezu mwenyewe maji. Wabaya hawakujua kwamba walimpita Yezu njiani. Mgonjwa yule, mfungwa yule, mgeni yule asiyejua lugha yetu, ndiye aliyekuwa Yezu amejificha. Kwa hiyo usiseme: "Yezu angekuja kwetu, ningempa kiti changu." Pengine alikuja jana, naye alikaa chini.

Jambo la tatu. Wale wa kushoto, Bwana hakuwaambia kwamba waliua watu au waliiba ng'ombe. Aliwahukumu kwa mambo ambayo hawakuyafanya. Wengi husema: "Mimi sina dhambi. Siibi, sipigi mtu." Vema. Lakini je, umefanya nini? Shamba lisilopandwa miiba halina budi kupandwa mahindi. Shamba tupu halilishi mtu.

Je, basi sala na Misa hazina kazi? Ziko na kazi kubwa. Yezu yule yule aliyesema juu ya njaa na kiu ndiye aliyetuagiza kuzishika Amri za Mungu, kusali, na kuula Mwili wake. Sala ni kama maji ya kisima, na matendo ya huruma ni kama bustani. Bila maji bustani hukauka. Lakini mtu anayechota maji kila siku wala hamwagilii kitu, anachota kwa nini?

4. Mtu wa Goma aliyejibu swali lake

Labda mtasema: "Hayo yalikuwa rahisi kwa watu wa zamani, sisi tuna shida." Basi sikilizeni habari ya mtu wa nchi yetu, wa siku za karibu.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma, penye ziwa Kivu, mwaka 1981. Alisoma, akawa pia mmoja wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambayo watu wake husali pamoja na kuwasaidia maskini. Yeye aliwapenda hasa watoto wasio na makao, wale wanaolala nje, ambao watu huwaita wezi na kuwafukuza. Aliwafanya rafiki zake na kuwasaidia wapate masomo.

Alipomaliza masomo alipata kazi katika ofisi ya serikali inayopima bidhaa. Kazi yake ilikuwa kutazama vyakula vinavyoingia kwa njia ya mpaka, ili vilivyooza visiuzwe kwa watu. Mnajua mpaka wa Goma: magunia yanapita kutwa, na fedha nazo zinapita chini kwa chini.

Mwaka 2007 uliletwa mchele ulioharibika. Wenye mali walimpa fedha ili aupitishe. Alikataa. Wakaongeza. Akakataa tena. Alikuwa kijana, alikuwa na mipango ya maisha, na watu wengi wangemwambia: "Chukua, ndugu yangu, kila mtu anafanya hivyo." Lakini yeye alifikiri habari ya watu watakaoula mchele ule. Aliona kwamba fedha zingekwisha upesi, lakini madhara yangebaki matumboni mwa watu. Tena alijiuliza kama angeweza kuchukua fedha hizo na bado kuishi katika Kristu.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule watu walimteka, wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Tarehe 2 Februari 2023, Papa Fransisko alisema na vijana na makatekista wa Kongo katika uwanja wa mpira wa Kinshasa, akawapa Floribert kuwa mfano wa mtu mwaminifu. Na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri, mfiadini, kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Sasa rudini kwenye maswali ya Injili. Nilikuwa na njaa, mlinilisha? Floribert alijibu swali hili kwa namna yake. Hakugawa chakula siku ile, alikataa sumu isiwafikie wenye njaa. Mama aliyekuwa anakwenda sokoni Goma asubuhi ile kununulia watoto wake mchele, Floribert hakumjua. Naye mama hakumjua Floribert. Lakini Yezu aliwajua wote wawili.

Jifunzeni hapa kwamba mahali pa kujitayarisha kwa hukumu si kanisani tu. Ni pia mezani mwa karani, kwenye mizani ya mwuzaji, kwenye daftari la mwanafunzi anayeweza kutazama kazi ya mwenzake.

5. Mtu aliyesamehe kabla ya kufa

Liko swali lingine ambalo Bwana ametupa mapema. Katika Baba Yetu tunamwomba Mungu atusamehe kwa kipimo tunachowasamehe wengine. Ni sala ya kuogopesha kidogo, kwa sababu tunajichagulia wenyewe kipimo.

Mwenye Heri Isidori Bakanja alikuwa kijana wa jimbo la Ekwateri. Alifanya kazi ya kusaidia waashi, akabatizwa mwaka 1906. Alivaa shingoni skapulari, yaani vipande vidogo vya nguo kwa heshima ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, na alipenda sana Rozari. Alimwambia kila mtu habari za Yezu, ingawa hakuwa mwalimu wa dini.

Baadaye alifanya kazi kwenye shamba kubwa la wazungu. Msimamizi mmoja mzungu aliichukia dini. Alimwamuru avue skapulari, naye hakuivua. Mwaka 1909 aliagiza apigwe kwa mjeledi wa ngozi wenye misumari. Mgongo wake ulikuwa jeraha tupu, na majeraha yakaoza. Aliteswa na maumivu kwa miezi sita.

Mapadri walifika kwake, wakampa sakramenti. Walimwomba amsamehe aliyempiga. Yeye alikuwa amekwisha kumsamehe, akaahidi kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, siku kuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Kusamehe si kusema kwamba ubaya ni wema. Pigo lile lilikuwa dhambi kubwa, na mwenye kupiga ana hesabu yake mbele ya Mungu. Lakini Isidori hakutaka kwenda mbele ya Mwamuzi akiwa amebeba chuki mikononi. Aliiacha huku, akaenda mikono mitupu.

6. Kopo la maharagwe

Labda mmoja wenu anafikiri: "Mimi nimekwisha kukosa. Maswali nimeyajibu vibaya." Usikate tamaa. Maadamu tu hai, kitabu cha hesabu hakijafungwa. Sikilizeni mfano huu.

Palikuwa na msichana wa darasa la sita aliyekaa kwa mama yake mdogo. Kila Jumamosi alimsaidia kuuza maharagwe sokoni. Kopo lao la kupimia lilikuwa limegongwa kitako mpaka kikaingia ndani. Kwa macho lilikuwa sawa na makopo mengine, lakini lilipunja konzi moja nzima. Msichana alijua jambo hilo. Alijua pia kwamba faida ile ndiyo iliyolipa masomo yake.

Mjane mmoja mzee, mwenye kulea wajukuu watatu, alinunua kwao kopo moja kila Jumamosi. Alipopokea maharagwe yake husema: "Mungu akubariki, mjukuu wangu."

Siku moja wakati wa Kwaresima, katekista alifundisha Amri ya saba. Alisema kwamba aliyeiba hawezi kupata amani kwa kujuta tu, sharti arudishe. Msichana alirudi nyumbani kimya. Usiku akasema:

"Mama mdogo, naomba tuligonge kopo letu, lirudi lilivyokuwa."

"Na fedha za masomo yako utazitoa wapi?"

Msichana hakuwa na jibu. Alisema tu: "Sijui, mama. Lakini nyanya yule hunibariki kila Jumamosi, na baraka yake inanichoma."

Mama mdogo alikasirika, akazima taa, hakusema naye tena. Lakini alfajiri msichana alisikia mlio wa nyundo uani. Alipotoka alimkuta mama mdogo ameketi na kopo magotini, analigonga kitako kutoka ndani.

Jumamosi ile nyanya alipewa kopo lililojaa na konzi moja juu yake. Akauliza: "Mjukuu wangu, mbona umezidisha?" Msichana akainamisha kichwa, akajibu: "Ni deni letu kwako, nyanya." Wakaendelea hivyo Jumamosi nyingi mpaka deni likaisha. Masomo ya mwaka ule yalilipwa kwa shida, kidogo kidogo, na siku nyingine walikula mara moja tu. Lakini baraka ya yule nyanya haikumchoma msichana tena.

Wanafunzi, hivyo ndivyo tunavyosahihisha hesabu kabla ya siku ya mwisho. Yezu ametuachia sakramenti ya kitubio. Ndani yake tunafanya mambo matano: kutafuta dhambi zetu, kuzijutia, kukusudia kuziacha, kuziungama kwa padri, na kutimiza malipizi. Na ikiwa tumechukua mali ya mtu, tumrudishie. Ikiwa tumechafua jina la mtu, tulisafishe mbele ya wale waliotusikia. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, Kanisa linamwamuru kila mkristu mwenye akili aungame dhambi zake kubwa walau mara moja kila mwaka. Lakini nani hufagia nyumba yake mara moja tu kwa mwaka?

7. Mahali pa milele

Mbingu ni kumwona Mungu uso kwa uso na kukaa naye pamoja na watakatifu wote. Hakuna njaa huko, wala machozi, wala vita.

Moto wa milele ni kutengwa na Mungu bila mwisho. Mungu hamtumi mtu huko kwa kupenda kwake, kwani anataka watu wote waokoke. Ni mtu mwenyewe anayefunga mlango na kuushikilia mpaka kufa. Tusimhukumu mtu ye yote kwamba yuko huko. Kanisa limewatangaza watakatifu wengi, lakini halijamtaja mtu hata mmoja kwa jina kwamba amepotea.

Purgatorio ni utakaso. Waliokufa katika urafiki na Mungu, lakini bado wana madoa, husafishwa kwanza, kama nguo ya siku kuu inavyofuliwa kabla ya kuvaliwa. Hao tunaweza kuwasaidia kwa sala na Misa. Ndiyo sababu tarehe 2 Novemba tunakwenda makaburini, tunafyeka majani na kuwaombea marehemu wetu. Mapendo hayakatwi na kifo.

8. Tujitayarishe kila siku

Papa Fransisko, siku ile alipowaambia vijana wa Kinshasa habari za Floribert, aliwaambia watazame mkono wao. Nanyi tazameni. Kila kidole kina somo lake. Kidole gumba ni sala, maana ndicho kilicho karibu na moyo. Cha pili ni kuishi pamoja na wengine bila kuwatenga. Cha kati, kilicho kirefu kuliko vyote, ni uaminifu. Cha nne ni kusamehe. Na kile kidogo cha mwisho ni kuwatumikia wengine, kwa sababu mwenye kutumika hujifanya mdogo. Mkono huo mnao siku zote. Hamhitaji daftari ili kukumbuka.

Kila jioni, kabla ya kulala, piga magoti ukautazame mkono wako. Jiulize: Leo nimesali? Nimemtenga nani? Nimesema kweli? Nimemsamehe nani? Nimemsaidia nani? Mahali uliposhindwa, omba msamaha na kukusudia jambo moja dogo la kesho. Si mambo kumi. Haba na haba hujaza kibaba. Ukifanya hivyo tangu utoto, moyo wako utazoea njia ya kwenda kwa Mungu, kama miguu inavyozoea njia ya shule hata gizani. Wazee walisema kweli: samaki mkunje angali mbichi.

Usiiogope siku ile kama mtumwa anavyoliogopa fimbo la bwana wake. Atakayeketi kwenye kiti cha hukumu ndiye aliyekufa msalabani kwa ajili yako. Mikono itakayofungua kitabu chako ina makovu ya misumari. Naye hatakuwa mgeni kwako, ikiwa umekwisha kukutana naye mara nyingi hapa: katika Misa, na kwa mjane wa sokoni, na kwa mtoto anayelala nje, na kwa mwenzako wa darasa asiye na chakula cha mchana.

Maswali yako ubaoni. Chaki haijafutwa. Jibu la kwanza unaweza kuliandika leo, utakapotoka katika mlango huu.

Maswali

1. Yataje mambo manne ya mwisho.
2. Kwa nini Mungu ametuficha siku ya kufa kwetu?
3. Hukumu mbili zatofautianaje? Eleza kwa nini kuna hukumu ya watu wote.
4. Yataje matendo saba ya huruma kwa mwili. Lipi halimo katika Injili ya Mathayo, sura ya 25?
5. Watu wa kushoto walihukumiwa kwa sababu gani?
6. Floribert alikataa nini, na kwa ajili ya nani?
7. Isidori Bakanja alimwahidi nini mtu aliyempiga?
8. Kwa nini baraka ya mjane ilimchoma msichana? Angefanya nini kama mama mdogo angekataa kabisa?
9. Yataje mambo matano ya kitubio.

Kazi ya kufanya

Chora mkono wako katika daftari. Kwenye kila kidole andika somo lake. Kisha chagua kidole kimoja ambacho kwako ni dhaifu, ukitie nguvu juma hili. Usimwambie mtu umechagua kipi.